Vyumba Viwili, Mlango kwa Mlango

"Vyumba viwili," Celina alisema.

Ranjanben, Mama Alpesh kwa wateja wake, akaacha kuandika. Alikuwa amewapangia watu safari miaka mingi katika ofisi yake ndogo ya ghorofani, Kariakoo, na hajawahi kusikia mapumziko ya wenza yakiombewa vyumba viwili.

"Viwili, mwanangu? Mimi kwa wapendanao natoa chumba kimoja, kitanda kimoja, maua juu ya shuka, dirisha linatazama bahari."

"Viwili, Mama Alpesh. Vitazamane, mlango kwa mlango."

Mwanaume aliyekaa karibu naye, Hillary, aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amepakata mkoba wa Celina, maana sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na tangu waingie hakuuweka chini hata mara moja. Ranjanben aliliona hilo. Akasema moyoni, hapa mapenzi bado yapo, yamelala tu.

Akainuka, akafunga dirisha ili kelele za wapagazi huko chini zipungue, akaigeuza feni iwaelekee wao. Kisha akamimina chai kutoka kwenye chupa na kuwasogezea sahani ya bhajia.

"Kunyweni kwanza. Safari haipangwi na koo kavu."

Celina akanywa. Tangawizi ilikuwa kali na mvuke ulikuwa ukipanda, lakini hakusikia ukali wala moto. Ndivyo alivyokuwa tangu mwezi uliopita. Dukani anapima vitenge, anajibu wateja, anacheka wanapocheka, na yote hayo kama yanafanywa na mtu mwingine aliyeazima mikono yake.

"Mmegombana," Ranjanben alisema kwa upole.

"Hatujagombana," Hillary akajibu.

"Basi afadhali mngegombana! Mimi na mzee wangu Chandu tulinuniana mpaka paka akahamia kwa jirani. Siku moja akanipakia kwenye pantoni. Twende Kigamboni, turudi. Twende tena, turudi. Mpaka nikacheka mwenyewe, nikamuuliza, wewe mzee umekuwa baharia? Chumba kimoja, wanangu. Ugomvi ukilazwa kitanda kimoja unabanwa, unakufa."

Hakuna aliyecheka. Hillary alikuwa anaitazama feni.

"Mama Alpesh," Celina alisema, "mimi bado naitaka nyumba yangu. Nilikula kiapo mbele ya madhabahu, na watoto wananitazama. Lakini hizo siku mbili zikiisha ukweli haujasemwa, nafungasha nguo zangu, narudi Marangu kwa mama."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja bei ya kitenge.

"Na wewe, baba?"

"Na mimi ni hivyo hivyo," Hillary alisema. "Nataka kuusikia kwa mdomo wa mwenyewe. Sitaki kuletewa na watu wa sokoni."

Ranjanben hakubisha tena. Akaandika vyumba viwili. Akawachagulia hoteli iliyotulia, upande wa Kivukoni, ambayo wenyewe walikuwa wema na hawakuwa na tabia ya kumchungulia mgeni.

"Chakula je? Pale wananunua samaki soko la Feri asubuhi, bado wanarukaruka. Niwaambie wawaandalie changu wa kupaka, na pilipili ya kutosha?"

"Pilipili hapana," Celina akasema haraka. "Ana vidonda vya tumbo."

Ranjanben akamgeukia Hillary, aliyekuwa amechovya bhajia kwenye bakuli la pilipili mpaka vidole vikawa vyekundu.

"Vidonda gani hivyo? Huyu atanimalizia bakuli!"

Hillary akairudisha bhajia kwenye sahani polepole.

"Samahani, mama."

"Kula, Baba Joyceline," Celina akamwambia. "Hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

"Na wewe kula, Mama Robert."

Wakala wote wawili bila hamu, kama wagonjwa wa wodi moja wanaotiana moyo. Ranjanben akajifanya anatafuta kalamu ili wasione macho yake. Ndoa ngapi alizoziona zikivunjika, na hakuna hata moja ambayo watu wake walikuwa wakibembelezana kula namna hii.

"Jumapili niwawekee pantoni? Nyie nendeni tu mkapigwe upepo."

"Jumapili tuiache kwanza," Hillary alisema. "Hatujui tutaamkaje."

"Mtaamka vizuri. Mimi nimesema."

Akachukua simu na kupiga hotelini. Alimsalimu aliyepokea, akamuuliza hali ya mkewe aliyejifungua, akamwambia kwamba anawaletea watu wake maalumu Jumamosi hii, wawatunze. Vyumba vilikuwepo, vinatazamana. Celina alishusha pumzi. Hillary akampa mkoba wake, kwa mara ya kwanza tangu waingie, naye akaukumbatia kwa mikono miwili.

"Na kwa chakula cha jioni," Ranjanben akawaambia, simu bado iko sikioni, "nataka wawape meza ya ukingoni kabisa, muone pantoni inavyovuka na taa zake. Meza ya wawili, eh?"

"Wanne," Hillary alisema.

Ranjanben akaziba simu kwa kiganja. Uso wote ukamchangamka.

"Mmewaita wasimamizi wenu wa ndoa! Hapo ndipo nawasifu. Wasimamizi si wa kupiga picha tu siku ya harusi, kazi yao ndiyo hiyo."

Celina akatikisa kichwa.

"Ni mume wangu," alisema, "na mke wa huyu hapa. Wao wanajuana kwa siri. Hawajui kwamba na sisi tunajuana."