Abee kwa Jitu

Kwa miaka kumi na tisa Tunu alikuwa akiua majitu ya mchezo mmoja wa kompyuta, lakini nyongeza hii mpya ilimchefua. Siku hizi michezo iliruhusiwa kusikiliza nyumba ya mchezaji, na majitu yaliazima sauti za watu wake.

"Tunu!" jitu liliita kwa sauti ya mama yake, anayeishi naye.

"Abee, mama!" Aliitika kama alivyolelewa, akashusha upanga. Jitu likamkata kichwa.

"Washenzi wakubwa! Huu si ufundi, ni uhuni!" alifoka, akaanza upya.

Mara ya thelathini aliitwa, akanyamaza, akaliua.

"Tunu, mwanangu, nimeanguka!" mama yake mwenyewe aliita kutoka bafuni.

Tunu hakuvua miwani ya mchezo. Alishika upanga imara, akanyamaza.