Matundu Mawili, Ukuta Mmoja

Matundu yalikuwa mawili kwenye ukuta mmoja, na hayakukutana. La nje alilitoboa fundi Ezekieli. La ndani alilitoboa Severina, mwenye hoteli ya chakula, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kushika tindo.

Asingeishika kama fundi angekubali kuingia jikoni. Asubuhi alifika vizuri tu, ngazi mkononi na bomba la bati begani. Kufika mlangoni akamwona mpishi, Theodora, kainamia sufuria. Akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Theodora naye akajifunika uso kwa kanga. Tangu hapo mmoja akawa "huyo wa nje" na mwingine "huyo wa ndani". Hakuna aliyetaja jina la mwenzake.

Severina aliishiwa nguvu mapema. Bwana afya alishasema kwamba akirudi jioni akute feni inatoa moshi nje ya ukuta, la sivyo hoteli inafungwa, na hoteli hiyo ndiyo iliyokuwa maisha yake yote hapa Shelui. Fundi bati mwingine hakuna mpaka Singida mjini. Mpishi mwingine ndiyo kabisa. Madereva wa malori walisimama pale kwa ajili ya mkono wa Theodora, na chakula cha mchana hakingoji bomba.

Alimuuliza Theodora kuna nini.

"Si unajua mwenyewe, mama," Theodora akajibu, akaendelea kusonga ugali.

Alimuuliza na Ezekieli. Naye akasema hawezi kukaa chumba kimoja na huyo wa ndani, na kwamba jambo lenyewe halina haja ya kuelezwa. Severina, mzaliwa wa Dar, hakujua lolote, ila aliona aibu kuonekana hajui kisa ambacho inaelekea mji mzima unakijua. 

Ikabidi mmoja atoboe nje na mwingine ndani. Fundi alimpa vipimo kupitia dirishani, akiwa ametazama pembeni: kutoka chini kwenda juu, kiasi fulani. Severina akapima kutoka sakafuni. Kumbe sakafu ya jiko imeinuliwa, na ardhi ya nje iko chini. Akachimba, plasta ikimwingia machoni, na alipomaliza tundu lake likawa juu, la fundi likawa chini, katikati tofali zima. Akaketi juu ya gunia la mkaa akalia. Hakuna aliyekuja kumbembeleza.

Mchana Theodora alimpa sahani ya wali ampelekee huyo wa nje, nyama zimejaa mpaka ukingoni. Fundi alikula akiwa amegeuzia jiko mgongo. Hata kushukuru hakushukuru. Severina akasema moyoni kwamba chuki ya namna hii hajapata kuiona, mtu anakula chakula chako na bado hataki kukuona.

Lakini wagombanao ndio wapatanao. Pengine wakitazamana usoni mara moja tu, mmoja atacheka na mambo yataisha, fundi aingie ndani afunge bomba kabla jua halijazama. Hakuwa na njia nyingine.

Akamwambia Theodora kwamba fundi amekwenda kununua saruji, na atakayegonga nje ni yeye mwenyewe Severina; amulike tu na tochi ya simu kwenye tundu. Akatoka nje, akamwambia Ezekieli kwamba mpishi amekwenda mashine ya kusaga, kwa hiyo apande avunje tofali la katikati.

Tofali likaanguka. Wakawa uso kwa uso.

Hakuna aliyecheka. Theodora alitoa sauti ndogo, akajitanda kanga kichwa kizima, akatokea mlango wa uani. Ezekieli aliruka kutoka kwenye ngazi, akavuka lami bila kutazama magari. Nyundo na tindo aliviacha.

Bwana afya alikuta ugali umeungua, moshi umejaa mpaka kwenye meza za wateja, na bomba limelala chini. Hakufoka. Alifunga mlango, akatia kufuli. Severina alimweleza kwamba ni chuki ya watu wawili iliyommaliza, kwamba amehangaika kutwa kuwapatanisha, na walipokutanishwa wakakimbiana kama wezi.

Bwana afya, mwenyeji wa pale pale Shelui, alitia funguo mfukoni.

"Chuki gani, mama? Hiyo ni heshima. Mpishi wako ni mama mkwe wa fundi. Jumamosi ndiyo tulipeleka ng'ombe wa mahari."