Wenye Vizibao vya Njano

Jelimo alikuwa ameshaandika "hapana" mara nne, na mechi haikuwa imefika hata dakika ya kumi na tano.

Alikuwa amechelewa kidogo. Robot zote, yaani taa za barabarani, kutoka Bertrams mpaka Braamfontein zilikuwa zimezimika, magari yamesongamana kila njia panda, na alipofika uwanja wa chuo mpira ulikuwa tayari unachezwa, vizibao vya njano dhidi ya vya bluu. Alivuta kiti kando ya kocha, wakasalimiana, akafungua karatasi aliyopewa na ofisi ya michezo. Juu iliandikwa WANAFUNZI WAPYA. Chini yake palikuwa na namba moja hadi kumi na moja, bila majina, kama alivyoomba mwenyewe.

Kazi ilikuwa moja: awatazame wasichana kumi na mmoja waliosajiliwa mwaka huu wakicheza dhidi ya timu ya chuo, kisha aseme nani abaki. Asiyebaki angepoteza kitanda bwenini na ufadhili wa masomo.

Hata hajakaa vizuri, beki wa njano alirudisha mpira kwa kipa bila kutazama. Kipa alikuwa upande mwingine, anafunga kamba ya kiatu. Goli.

Jelimo alishusha pumzi. Hiki kilikuwa chuo cha tatu mwezi huu. Kila mahali alikuta yale yale: video nzuri kwenye simu, barua tamu za kupendekeza, kisha mtu anashuka uwanjani hajui hata kusimama.

"Kocha, hawa wa njano mliwatoa wapi?"

"Huku na huku, Mama," alisema Ruphin, kocha wa chuo, mtu wa Lubumbashi mwenye sauti ya chini. "Tembisa, Soweto. Wawili ni wa kwetu Kongo."

"Yule namba nne mbona mzito hivyo?"

"Mguu wake ulivunjika. Anarudi polepole."

"Na majeruhi pia mnawapa nafasi?"

Ruphin alikunja mikono, akatazama mbele.

Bluu walipata la pili kwa kona, na la tatu kwa krosi ambayo mabeki wawili wa njano waliiangalia ikipita. Kisha wakaanza kulaumiana. "Gogo, huyo alikuwa wako!" alipiga kelele mmoja. "Nyamaza wewe, Malkia," akajibiwa.

"Umesikia?" Jelimo alisema. "Majina ya utani wanayo. Kukaba hawajui. Sasa watazame wale wa bluu. Hawana kelele. Namba sita ananyoosha kidole tu, mpira unafika."

"Ni kweli," alisema Ruphin. "Hawaongei sana."

"Hiyo ndiyo timu."

"Nimeona, Mama. Hata mimi nimeshangaa."

Alisema hivyo kwa unyonge uliomkera Jelimo zaidi. Alitaka abishe, awatetee watu wake kwa hoja. Yeye mwenyewe aliwahi kusimama kwenye uwanja kama huu, Eldoret, ana miaka kumi na tisa, na mzee aliyetumwa kumpima akamaliza mechi nzima anaongea kwenye simu. Siku ile aliapa kwamba akipewa kalamu siku moja atamtazama kila mchezaji, kila dakika. Alikuwa anatazama. Kila dakika ilimuudhi.

"Kocha, nikuulize jambo. Kuna ndugu yako humu ndani?"

Ruphin alisita. "Namba nane. Sagesse. Ni mtoto wa dada yangu."

"Wa njano?"

"Wa njano."

Jelimo alitikisa kichwa. Sasa alielewa. Akaandika "hapana" mbele ya namba nane, akapiga mstari chini yake mara mbili. Dakika iyo hiyo Sagesse alipiga mpira wa adhabu ukaruka uzio, ukatokea barabarani, na dereva wa basi akapiga honi ndefu.

Ikaisha tano kwa bila. Wa njano waliketi chini pale pale walipokuwa, kila mmoja peke yake. Wa bluu walisimama katikati ya uwanja, wanapeana mikono na kucheka kwa haya.

Jelimo alifunika kalamu. Hasira ilikuwa imepungua, kilichobaki kilikuwa uchovu.

"Kocha Ruphin, sitakuficha. Kwenye karatasi yangu hakuna hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Sijapenda kufanya hivi, najua kuna watu nyumbani wanawategemea. Lakini mtu akifika miaka ishirini hajui kusimama nyuma ya mpira, huwezi kumfundisha upya. Na wala si kosa lao. Aliyewafundisha kabla ya leo amewaharibu. Huyo ndiye angepaswa kurudishwa kwao."

Uso wa Ruphin ulikuwa wa mtu aliyepigwa mbele za watu.

"Weka sahihi hapo chini," Jelimo alisema kwa upole, akimpa karatasi na kalamu. "Ofisi inataka ya kocha pia. Wakiipata leo, kesho vitanda vinatolewa."

Ruphin aliipokea. Akasoma zile "hapana" moja moja, kidole kikishuka nazo mpaka ya kumi na moja. Kisha macho yake yakapanda juu, kwenye yale maneno mawili ya herufi kubwa, yakakaa hapo muda mrefu. Alimrudishia kalamu bila kuweka sahihi.

"Mama Jelimo," alisema, "wapya ni wale wa bluu. Hawa wa njano ni wangu, huu mwaka wa tatu ninawafundisha."