Kuongeza Lindi

Siku hizo, kila aliyetaka kutalii mji mpya alifutiwa kichwani mmoja wa zamani, pamoja na yote yaliyompata humo. Ndiyo maana Skolastika alimsihi mumewe wasirundike miji: waone Kigoma na Bukoba tu. Singida, alikozaliwa na kuzikwa binti yao Adela, isiguswe.

Mume alirudi kutoka ofisi ya safari akitabasamu. “Mke wangu, nimeongeza Lindi.”

“Umetoa mji gani?”

“Sasa ningeukumbuka, si ningekuwa sijafutiwa?”

“Baba Adela, usinitanie.”

“Adela ndiye nani?” aliuliza kwa upole, akivua viatu.

Jioni Skolastika alipiga magoti kumwombea mtoto, na mumewe, mtu wa ibada, akapiga magoti kando yake, akaitikia amina juu ya jina asilolijua.