Kikohozi cha Bwawa

Kila nyumba bondeni chini ya mgodi ilikuwa na kisanduku cha sauti ukutani, na kila asubuhi, kwa mujibu wa sheria, bwawa la tope lenye sumu la mgodi lilitangaza hali yake lenyewe kupitia kisanduku hicho. Wanakijiji walipoambiwa wachague sauti, walimchagua marehemu Lugata, aliyekuwa mlinzi wa bwawa, kwa kuwa walimwamini. Mashine ya kutangaza ikafundishwa kwa taarifa zote alizowahi kuzisoma kwenye redio ya mgodi.

Hakuna aliyemuuliza mjane wake, Nyamizi.

Nyamizi alizoea hivyo hivyo. Kila asubuhi alikoroga uji, marehemu akasema, "Bwawa ni salama," naye akaitikia kama zamani, "Haya, baba Milembe."

Asubuhi hiyo sauti ilikohoa kwanza. "Bwawa ni salama."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Nyamizi alikijua kikohozi kile. Lugata alikohoa hivyo kila alipoficha jambo, nyumbani au redioni. Alikohoa hivyo siku aliyorudi na tope hadi magotini akasema ni mvua tu, na wiki ile ile mbuzi wao wote wakafa mtoni.

Akaepua uji, akaanza kufunga nguo kwenye kitenge.

"Mama, unakwenda wapi?" aliuliza Milembe, akimnyonyesha mwanawe. "Si limesema ni salama?"

"Hukusikia alivyokohoa?"

"Mashine haiugui, mama."

"Baba yako naye hakuwa anaugua. Mbebe mtoto twende."

Ukutani, Lugata akakohoa tena.