Bangili ya Bi Zuwena

Siku hizi mwenye presha haambiwi habari nzito mpaka bangili ya mkononi mwake igeuke kijani, ndiyo sheria. Bi Zuwena, aliyetaka kujua kwa nini mwanawe Seifu hapigi simu tangu mwezi wa Ramadhani, aliacha chumvi, akatembea kila alfajiri, akakonda hata gauni likampwaya.

Asubuhi hii bangili iligeuka kijani. Kabla hajamaliza kushukuru, mawifi zake waliingia uani wamejitanda kanga, na nyuma yao majirani wamebeba mikeka.

"Hongera, wifi," alisema Raya, mkubwa wao, taratibu. "Sasa kaa kitako."

Bi Zuwena hakukaa. Aliingia jikoni, akalishusha kopo la chumvi lililojaa vumbi, akajaza kiganja, akaanza kula.