Kona ya Gari la Mwalimu Barnaba

Fundi Ezron alivua viatu, akavua na soksi, akaingia pekupeku kwenye gari la mteja.

Watu wa Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, walikuwa wameshamzoea. Walisema mzee yule ana masikio miguuni. Anakaa kiti cha mbele, nyayo kwenye bati la sakafu, kiganja kwenye dashibodi, macho anafumba. Gari linazungushwa uwanjani mara mbili tatu, kisha anatamka: beringi ya nyuma kulia. Wakifungua, kweli ni beringi ya nyuma kulia. Mafundi vijana walijaribu kumwiga wakaambulia vumbi kwenye vidole.

Ukweli ni kwamba Ezron alikuwa hasikii. Miaka thelathini ya kugonga vyuma ilimmaliza sikio la kulia, na mwaka juzi la kushoto likafuata. Honi za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia hazikumfikia tena. Alijifunza kusoma midomo, akajifunza na kusema "nimekusikia" kabla hajaulizwa. Kwaya aliiacha kwa kisingizio cha mgongo. Wiki iliyopita jeki iliteleza, gari likashuka hadi shibiri moja juu ya kichwa chake. Binti yake Angel, fundi mwenzake, alipiga ukunga mpaka majirani wakaja mbio, na yeye kule chini akaendelea kufungua nati. Alidai alikuwa amezama kwenye kazi.

Hakumwambia mtu. Nani atampelekea fundi kiziwi gari linalolia? Siku wakijua, gereji imekwisha, na kazi nyingine haijui.

Mteja wa Jumatano ile alikuwa Barnaba, mwalimu wa kwaya na mzee wa kanisa. Mtu wa watu, na uongo haujui. Ukimsalimia akiwa na mafua atakwambia ana mafua, na yalianza lini.

"Fundi, likikata kona kulia linalia," alisema. "Ka-ka-ka. Na Jumamosi nabeba waimbaji, tuna harusi Hasamba."

"Linalia mbele au nyuma?"

Barnaba alimtupia Angel jicho, akarekebisha miwani. "Mbele," alisema mwishowe.

Angel akashika usukani, akaukunja wote kulia, wakazunguka. Ezron alisubiri. Kwa kawaida mlio wa namna hiyo humpanda kutoka kwenye bati hadi kwenye vifundo vya miguu. Safari hii hakuna kilichopanda. Injini ilitetemeka vizuri tu, kama inavyotakiwa.

Alipofumbua macho, Barnaba alikuwa anamchungulia usoni kutoka kiti cha nyuma. "Umeisikia?"

"Nimeisikia," alisema Ezron.

Akabadilisha jointi ya ekseli, ile ambayo ikichoka gari hulia kwenye kona. Aliipokea ya zamani mikononi, akaizungusha, akaivuta huku na huku. Haikucheza hata kidogo. Mikono ilimwambia chuma hiki ni kizima. Lakini mzee wa kanisa amesema linalia, na Ezron siku hizi hakuwa na ubavu wa kubishana na mtu yeyote kuhusu sauti. Akaitupa kwenye boksi la vyuma chakavu.

Alhamisi Barnaba alirudi. "Bado, fundi."

Wakazunguka tena. Kimya. Akabadilisha boljointi, vile viungo vya magurudumu ya mbele, zote mbili. Akalala chini ya gari akapapasa nati moja moja, kama mtu aliyedondosha sindano kwenye mkeka. Kila kitu kilikuwa kimekaza. Akatoka akakaa juu ya tairi bovu, ugali ukapoa mbele yake. Aliogopa, na aliogopa kweli. Masikio yalikwenda akabaki na miguu. Kama miguu nayo imekwenda, amebaki na nini?

"Wewe unaisikiaje?" alimuuliza Angel, kwa sauti ya mwalimu anayempima mwanafunzi.

Angel alikuwa anafuta spana. "Wewe ndiye fundi, baba."

Macho yake yalikuwa mekundu. Ezron alidhani ni vumbi la uwanjani.

Ijumaa mchana Barnaba alikuja amejiinamia, hana ule uchangamfu wake. "Sasa imehamia kushoto," alisema.

Angel akakata kushoto. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ezron alibana nyayo kwenye bati mpaka zikauma. Alifumba macho, akaomba kimoyomoyo apewe hata mtikisiko mmoja, mdogo tu, halafu mengine atayamaliza mwenyewe. Hakupewa. Kesho ni harusi, na waimbaji sita watapanda gari hili wakimwamini yeye. Alijua inampasa aseme ukweli hapo hapo. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka kikawa kingine.

"Hiyo hapo!" alipaza sauti. "Ka-ka-ka! Naisikia vizuri kabisa, leo imezidi hata ya jana!"

Nyayo zake zilihisi injini ikizimwa.

Alifumbua macho. Kwenye kiti cha nyuma Barnaba alikuwa ameinama, anafuta miwani isiyokuwa na vumbi. Angel aliachia usukani, akamshika baba yake kidevu kwa mkono wenye grisi, akamgeuza uso polepole mpaka wakatazamana. Kisha akasema, akifungua midomo kwa kila neno:

"Baba, gari la mwalimu halijawahi kulia."